Siku Mbili za Kumpima Binti Yangu: Huduma ya Tathmini ya Madereva wa Mbio

Kabla sijaisema huduma yenyewe, niseme tulifikaje huko. Binti yangu ametimiza miaka 15 na yuko kwenye karti, vile vigari vidogo vya mbio, tangu ana miaka minane. Huu ndio mwaka wa kuamua: aongeze msimu mmoja wa karti, au apande gari la Formula 4, daraja la kwanza la magari ya mbio baada ya karti, maana umri wa kuanza kushindana humo ni miaka hiyo hiyo 15. Tangu msimu uliopita kila aliyetusogelea uwanjani alikuja na neno tamu. Mwenye timu alisema mtoto ana kipaji. Muuza fremu za karti alisema mtoto ana kipaji. Kocha aliyetaka tumlipe kwa mwezi naye alisema hivyo hivyo. Mimi ni mhasibu, na kazi yangu ya kila siku ni kuuliza namba hii imeandikwa na nani, na anafaidika nini nikiiamini. Nikaanza kutafuta mtu wa kumpima mwanangu ambaye hana kiti, yaani nafasi kwenye timu, cha kumuuzia.

Nikapata kampuni inayofanya tathmini ya madereva chipukizi. Jina lao silitaji kwa sababu kuna jambo moja walilotukosea, nitalieleza mbele, na sitaki maelezo haya yageuke ugomvi. Anayelea dereva atakutana na huduma za namna hii, na muundo wake haupishani sana. Unanunua siku mbili: ya kwanza ya simuleta (mashine ya kompyuta inayoiga gari) na mazungumzo, ya pili ya gari halisi la Formula 4 uwanjani. Baada ya wiki tatu unaletewa ripoti. Yetu ilikuwa na kurasa 34. Ada yake inakaribia gharama zetu za wikiendi mbili za mashindano ya karti, kwa hiyo nilikwenda na daftari, na niliandika kila kitu.

Siku ya kwanza, jambo la kwanza walilofanya ni kuzima saa. Kwenye skrini ya simuleta hapakuwa na muda wa mzunguko, wala rangi ya kukuambia unaongeza au unapoteza. Binti yangu anaishi kwa saa, akivua helmeti tu, swali lake la kwanza ni "nimepiga ngapi?" Alikaa pale saa mbili nzima bila kujua. Mimi nilikuwa nyuma ya dirisha la kioo na niliona mabega yake yamepanda mpaka masikioni. Kufikia awamu ya tatu yakaanza kushuka.

Aliyeongoza zoezi ni mzee mmoja wa mvi, mhandisi aliyetumikia timu za madaraja ya chini kwa miaka mingi. Aliniona nahangaika na kile kioo akaja kusimama kando yangu. "Mama," akasema, "kasi itaonekana tu, haijifichi. Mimi natazama mzunguko wa nne na ule wa kumi na nne. Ikifanana, nina dereva. Isipofanana, nina mtu aliyebahatika mara moja."

Kisha likaja zoezi ambalo kwangu peke yake lilistahili nusu ya ada. Kila baada ya mizunguko minane walibadilisha kitu kwenye lile gari la kompyuta bila kumwambia: mara nguvu ya breki imesogezwa nyuma, mara bawa la mbele limelazwa, mara matairi yameongezwa upepo. Akisimama anaulizwa swali moja tu: gari limefanya nini? Hawakumuuliza anadhani wamebadilisha nini, wala angependa lirekebishwe vipi. Mara ya kwanza alijibu kama anavyojibu kwenye karti, "Haligeuki." Akaulizwa linakataa wapi: unapoingia kona, katikati, au unapoanza kukanyaga mafuta? Kimya. Akaomba mizunguko miwili zaidi, akarudi na jibu: "Naingia vizuri. Pua inaanza kukataa nikiachia breki." Mzee akaandika neno kwa neno.

Awamu ya tano hawakubadilisha chochote, na swali likawa lile lile. Akanywa maji, akafikiri kidogo, akasema, "Ni lile lile. Sijaona tofauti."

Kwenye ripoti, jibu hilo ndilo lililopata alama ya juu kuliko vyote alivyofanya kwa siku mbili, kuliko hata mzunguko wake bora uwanjani. Mzee alinieleza kwamba vijana wengi wakiulizwa gari limefanya nini hutunga kasoro, kwa sababu wanaogopa kuonekana hawasikii kitu. Timu ikiifuata kasoro ya kutunga, siku nzima ya mazoezi imepotea. Katika langalanga, yaani Formula 1, majaribio ya magari mapya uwanjani yamebanwa sana na kanuni, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi imehamia kwenye simuleta. Usiku wa Ijumaa, wakati dereva wa mbio amelala, kuna mwingine kiwandani anazunguka mpaka alfajiri akijaribu marekebisho ya kesho. Dereva Sébastien Buemi ameifanyia timu ya Red Bull kazi hiyo kwa miaka mingi huku akishinda mbio za Le Mans na timu nyingine. Umma haumwoni, lakini timu inamlipa kwa sababu ulimi wake ni mkweli. Nilikuwa sijawahi kuifikiria kazi hiyo kama ajira. Niliandika kwenye daftari na kupigia mstari.

Baada ya chakula tukaingia kwenye mazungumzo, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipoelewa timu zinachaguaje watu.

Mzee alianza na leseni kuu ya FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, ile ambayo bila hiyo huwezi kuanza mbio ya Formula 1. Unahitaji pointi 40 zilizokusanywa ndani ya misimu mitatu, uwe na miaka 18 isipokuwa FIA wenyewe wakikuruhusu ukiwa na 17, na uwe umeendesha gari la Formula 1 kilomita 300. Bingwa wa Formula 3, madaraja mawili chini ya Formula 1, anapata pointi 30. Katika Formula 2, wa kwanza, wa pili na wa tatu kila mmoja anapata 40 kamili. Binti yangu akashusha pumzi. Alikuwa amekwisha jumlisha kichwani. Mzee akamwona. Akamwambia pointi ni kibali cha kusimama mlangoni tu, kisha akageukia ubao akasema atatuchorea kiangazi kimoja, cha mwaka 2022.

Aliandika jina la Sebastian Vettel, dereva wa timu ya Aston Martin, juu kabisa. Mwishoni mwa Julai Vettel akatangaza kwamba anastaafu. Mshale: siku chache baadaye Fernando Alonso akatangazwa kuchukua kiti hicho Aston Martin, akiiacha timu ya Alpine. Mshale: Alpine wakamtangaza Oscar Piastri, dereva wao wa akiba, bingwa wa Formula 3 wa 2020 na wa Formula 2 wa 2021, aliyekuwa amekaa mwaka mzima bila mbio kwa sababu viti vyao viwili vilikuwa na watu. Jioni ile ile Piastri akajibu hadharani kwamba hajasaini nao mkataba wa 2023 na hatawaendeshea. Jambo likafika kwenye Bodi ya Kutambua Mikataba, nayo Septemba ikaamua kwamba mkataba pekee unaotambulika ni wa timu ya McLaren, uliowekwa tarehe 4 Julai. Mshale kutoka McLaren: dereva wao Daniel Ricciardo akawa nje, ingawa alikuwa na mwaka mmoja uliobaki kwenye mkataba wake.

Mshale mwingine kutoka Alpine: kwa kuwa wamemkosa Piastri, wakamtaka Pierre Gasly wa timu ya AlphaTauri. Red Bull, wenye AlphaTauri, wakatafuta wa kumrithi na wakamtaka Colton Herta wa Marekani. Herta alikuwa ameshinda mbio saba za IndyCar, mashindano makubwa ya Marekani, lakini pointi zake za leseni zilikuwa 32. FIA haikumlegezea. Wakati huo huo, kwenye mbio za Monza, Italia, Alex Albon wa timu ya Williams akaugua kidole tumbo, na Nyck de Vries akaitwa ghafla kukaa kwenye gari lake. Akamaliza wa tisa. Kwa mbio hiyo moja de Vries akapata kiti cha AlphaTauri cha 2023. Akaendesha mbio kumi bila pointi, akaondolewa. Aliyewekwa mahali pake, na mzee alivuta mshale mrefu kutoka upande wa pili wa ubao mpaka pale, alikuwa Ricciardo yule yule.

Binti yangu alicheka, kisha akanyamaza. Mzee akauliza: "Bingwa wa Formula 2 wa mwaka huo wa 2022 yuko wapi kwenye ubao huu?" Hayupo. Felipe Drugovich alichukua ubingwa huo akaishia kuwa dereva wa akiba wa Aston Martin. Na kanuni hairuhusu bingwa kurudi kuendesha Formula 2, kwa hiyo ushindi wenyewe ulimfungia mlango wa nyuma kabla wa mbele haujafunguka.

Nimeukagua ubao ule tena na tena kwenye picha niliyopiga. Kama mhasibu naona viti ishirini (sasa 22, tangu Cadillac waingie 2026) ambavyo havitangazwi kwa zabuni. Kinafunguka kimoja kwa sababu ya mtu mwingine kustaafu au kuumwa tumbo, na kinafungwa ndani ya wiki chache. Anayekipata ni aliyekuwa tayari siku ile, mwenye leseni tayari, mwili tayari, na mkataba usiomfunga mikono. Oliver Bearman alikuwa Jeddah mwaka 2024 kwa mbio zake za Formula 2, tena amekwisha kuwa wa kwanza kwenye mchujo wa kupanga nafasi za kuanzia, alipoambiwa Carlos Sainz wa Ferrari amepelekwa kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo. Alikuwa na miaka 18. Akapata kipindi kimoja tu cha mazoezi, akaanza wa 11 katika Ferrari, akamaliza wa saba. Msimu uliofuata alikuwa dereva kamili wa timu ya Haas. Haikuwa bahati tupu. Haas walikuwa wamekwisha kumweka kwenye vipindi vya mazoezi vya Ijumaa mwaka uliotangulia, na walikuwa na data yake mezani.

Nikauliza swali lililokuwa linanikera: timu inajuaje nani ana kasi ikiwa magari hayafanani? Mzee akasema kipimo cha dereva ni mwenzake wa timu, hakuna kingine. Mwaka 2019 George Russell alimaliza msimu bila pointi hata moja Williams. Ukiangalia jedwali la pointi alikuwa wa mwisho, nyuma hata ya mwenzake Robert Kubica aliyepata moja. Lakini kwenye mchujo, Russell alimshinda Kubica mara zote 21. Waliojua kusoma hesabu waliona hilo, na mwaka 2022 akawa Mercedes. Nilipenda mfano huu kuliko yote. Nimeona makampuni yenye hasara kwenye karatasi ambayo mtu makini angeyanunua siku hiyo hiyo.

Kuhusu pesa, mzee hakuzunguka. Timu za madaraja ya chini hazichagui dereva kwa maana tunayoifikiria. Zinauza viti, na familia ndiyo inayonunua, isipokuwa mtoto amechukuliwa na akademia ya timu kubwa. Ndiyo maana akademia zina nguvu kiasi hicho. McLaren walianza kumgharamia Lewis Hamilton mwaka 1998, akiwa mtoto wa karti wa miaka 13, na ilipofika 2007 wakamweka kwenye gari lao. Lakini akademia hiyo hiyo inayokulipia ndiyo inayoweza kukufuta mwisho wa msimu mmoja mbaya, na hapo unabaki na miaka 19, hujui kazi nyingine, na bajeti ya kuanza upya hamna. Mzee aliyasema haya mbele ya mtoto, kwa sauti ya kawaida, na ninamshukuru.

Siku ya pili nitaipitia haraka zaidi, kwa sababu ilikuwa na dosari. Kiti cha gari hakikumtosha. Waliomba vipimo vyake wiki mbili kabla, tukavituma, na bado tukakuta kanyagio za breki ziko mbali na mgongo wake unaelea. Dakika arobaini zikaliwa na kukata sponji na kufunga kwa gundi ya karatasi. Muda huo haukurudishwa. Kwa huduma inayofundisha kwamba dereva anapimwa kwa utayari, nilitarajia wao wawe tayari kabla yetu.

Lakini wakati uliobaki waliutumia vizuri. Alipewa seti tatu za matairi yaliyotumika na moja tu mpya, na alijua tangu asubuhi kwamba mpya itakuja mwisho. Lengo lao ni mzunguko wa kwanza wa kasi kwenye tairi jipya, ambapo mshiko unakuwa mkubwa kuliko dereva alivyozoea siku nzima na lazima aamini kitu ambacho mwili wake haujakihisi bado. Hapo hakufanya vizuri. Alifunga breki mahali pale pale alipozoea, akaingia kona taratibu kuliko tairi lilivyomruhusu, na mzunguko wake bora ukaja wa tatu, tairi limekwisha pita ubora wake. Telemetria, yaani rekodi ya gari ya kasi na breki, iliwekwa juu ya ile ya kijana waliyemtumia kama kipimo, mistari miwili, na ukaona wazi pengo linatokea mahali pawili tu: mwanzo wa breki kwenye kona mbili za kasi. Kwingine kote mistari ililaliana. Kwenye kona moja ya polepole alikuwa mbele.

Mkufunzi wa mwili, dada mmoja mwenye maneno machache, alimpima shingo na mikono na kumwambia wazi kuwa usukani wa magari ya madaraja ya chini hauna msaada wa mota, mpaka Formula 2 hauna, na kwamba kwa mabega aliyo nayo leo angechoka kabla mbio hazijafika nusu. Hakusema "kwa sababu wewe ni msichana." Akasema inahitaji miezi 14 ya kazi, akampa ratiba.

Sasa ripoti. Kurasa 20 za mwanzo ni za vipimo, na ni kazi safi: kila alama ina data iliyoitoa, na kila data ina tarehe na hali ya uwanja. Ningeweza kuikagua. Ukurasa wa 21 hadi wa 26 ndio uliobadilisha mawazo yetu nyumbani, na kichwa chake ni "Njia Zilizopo."

Hawakuficha kwamba tangu Lella Lombardi mwaka 1976 hakuna mwanamke aliyeanza mbio ya Formula 1. Waliandika hivyo kwenye sentensi ya kwanza. Kisha wakaeleza milango iliyopo. F1 Academy, mashindano ya madereva wa kike, ilianza 2023, kila dereva anaruhusiwa misimu miwili tu, na bingwa wa 2024, Abbi Pulling, alipata kiti kilicholipiwa katika GB3, mashindano ya Uingereza ya madereva chipukizi, mwaka uliofuata. Wakaeleza pia kilichompata Jamie Chadwick: alitwaa mataji yote matatu ya W Series, mashindano mengine ya wanawake, 2019, 2021 na 2022, na mashindano yenyewe yakakatika kwa kukosa fedha kabla msimu wa tatu haujaisha. Milango ya Formula 3 na Formula 2 haikufunguka kwake; akaenda Indy NXT, daraja lililo chini ya IndyCar, akashinda mbio kwenye uwanja wa Road America mwaka 2024, kisha akahamia magari ya LMP2, ya mbio za masafa marefu. Ukilisoma hilo ukiwa na binti wa miaka 15 pembeni yako, linauma. Ila ni heri aliumie kwenye karatasi akiwa na muda.

Kilichonifungua macho zaidi ni mbio za masafa marefu. FIA inawagawa madereva wa huko katika madaraja manne: Bronze, Silver, Gold na Platinum, kwa umri na kwa rekodi. Kanuni zinalazimisha mchanganyiko. Katika LMGT3, daraja la magari yenye asili ya yale ya barabarani, kwenye ubingwa wa dunia wa masafa marefu, kila gari lazima liwe na dereva wa Bronze, ambaye mara nyingi ni mtu wa biashara zake anayelipia sehemu kubwa ya msimu. Kwa hiyo timu inapochagua madereva wa kukaa naye, inatafuta Silver mwenye kasi ya Gold, na inatafuta mtu anayeweza kumwelekeza yule Bronze bila kumvunja moyo, kumwonyesha telemetria yake na kumfanya aongeze kasi bila kugonga ukuta. Uvumilivu na ulimi ni sehemu ya sifa za kazi. Kikosi cha Iron Dames, Sarah Bovy, Rahel Frey na Michelle Gatting, kilishinda daraja lake Bahrain mwaka 2023, na kikawa kikosi cha kwanza cha wanawake watupu kushinda katika ubingwa huo. Wanalipwa kuendesha. Ni taaluma, ina mishahara, na watu wanafika miaka arobaini wakiwa bado wanaitwa.

Binti yangu alisoma kurasa hizo sita mara mbili mezani, akaniuliza kama masafa marefu wanaendesha usiku. Nikamwambia ndiyo, Le Mans ni saa 24. Akasema, "Basi lile la kusema gari linafanya nini lina maana zaidi huko, maana mnagawana gari." Hakuna aliyemwambia hivyo. Aliunganisha mwenyewe.

Halafu ukafika ukurasa wa 27. Hapo kuna jedwali lenye asilimia: uwezekano wa kufika Formula 3, wa kufika Formula 2, wa kufika Formula 1, wa kuwa dereva wa kulipwa. Namba zina desimali. Niliwapigia simu nikauliza zimetoka wapi: ni madereva wangapi wamefuatiliwa, kwa miaka mingapi, na wangapi kati yao ni wasichana? Nilijibiwa kwamba zinatokana na uzoefu wa timu ya wataalamu. Uzoefu ni kitu cha thamani, na nimeona thamani yake kwenye ule ubao, lakini hautoi desimali. Ukurasa huo mzazi ataukumbuka kuliko kurasa zote 33 zilizobaki. Wengine watauza kiwanja kwa sababu yake, wengine watamkatisha mtoto tamaa kwa sababu yake. Niliwaomba wauondoe.

Na lile la kutukosea ni hili. Saa kumi na mbili jioni ya siku ya pili, mtoto amevua ovaroli mikono inatetemeka kwa uchovu, waliweka mezani mkataba wa uwakilishi. Miaka mingi, sehemu ya mapato yake yote ya mbio na ya wadhamini, pamoja na kipengele kinachoongeza muda wenyewe tusipoandika barua ndani ya siku 30. Waliuita fursa kwa wachache waliofanya vizuri na wakasema jibu linahitajika wiki hiyo. Mchana uliopita walitufundisha kwa ubao mzima jinsi tarehe moja kwenye mkataba ilivyoamua maisha ya Piastri. Nilitafuta mtu asiye na kiti cha kuuza, kumbe kilikuwepo, kimefichwa nyuma ya ripoti. Mzee wa mvi hakuwepo mezani wakati huo, na sijui kama angekaa. Sikusaini. Niliupeleka kwa wakili, naye alinirudishia ukiwa na alama nyekundu kila ukurasa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mzazi mwenzangu: ukiwa na mtoto wa karti wa miaka 14 hadi 16 ambaye tayari anashindania nafasi za mbele, na mko kwenye njia panda ya kupanda gari, huduma hii inafaa na mimi ningelipa tena. Kwa mtoto wa miaka kumi ni mapema mno, vipimo vyake vitabadilika kabla wino haujakauka. Tuma vipimo vya kiti mara mbili na udai picha ya kiti kilichotengenezwa. Omba maandishi kabla ya kulipa kwamba hakutakuwa na mkataba wowote mezani siku ya tathmini. Mwombe mzee mwenye ubao akuchoree, na umwache mtoto aulize. Ukurasa wa 27 uutoe kwenye jalada kabla mtoto hajaona.

Sisi tumeamua abaki kwenye karti msimu huu, pamoja na siku nne za majaribio ya Formula 4 kwa ajili ya zile breki za kona za kasi, na ile ratiba ya miezi 14 ya mabega. Wikiendi iliyopita alishuka kwenye karti, fundi akamnyooshea kadi ya muda. Akaiweka kifudifudi juu ya tairi, akaomba kalamu, akaandika kwanza gari limefanya nini kwenye kona ya kwanza, ya nne na ya saba. Kisha ndipo akaigeuza.

Nawapa nyota nne. Moja nimeishikilia mpaka nione ripoti yao isiyo na ule ukurasa.